Bawabu Mwenzangu

Niliajiriwa mlangoni kwa sababu ya mikoba ya wanawake. Hoteli ile ya Kitale ilikuwa na bawabu mmoja tu, mwanamume, na wageni wa kike walikuwa wamelalamika kwamba si heshima mwanamume kuingiza mkono kwenye mkoba wa mke wa mtu. Meneja wa wakati huo akataka mwanamke. Mimi nilikuwa nimefanya kazi ya usoja, kulinda mlango na kukagua watu, miaka mitatu kwenye duka kubwa mjini Bungoma, nikajua kukagua mkoba bila kuuchungulia sana, na shangazi yangu aliyefua mashuka katika hoteli hiyo akalipeleka jina langu. Nilihamia Kitale na begi moja. Watoto wangu wawili niliwaacha kwa mama yangu, karibu na Chwele, nikawaambia nitakuja kila mwisho wa mwezi.

Sare niliyopewa ilikuwa koti jekundu la kukolea lenye vifungo vya rangi ya dhahabu. Lilikuwa limeshonewa mwanamume aliyeacha kazi kabla yangu. Mabega yalinizidi, na mikono niliikunja kwa ndani nikaishona kwa uzi mweusi. Kofia ilinishukia hadi kwenye nyusi, nikaijaza gazeti mpaka ikakaa.

Bawabu niliyemkuta alikuwa mzee mrefu, mtu wa Kapsokwony, aliyesimama kwenye mlango ule tangu hoteli ilipokuwa na ghorofa moja. Wafanyakazi wote walimwita Mzee, na wageni wengi pia. Koti lake alilipiga pasi mwenyewe kila asubuhi. Hakumwachia shangazi yangu, ingawa shangazi ndiye aliyekuwa na pasi nzuri. Alikuwa na maringo. Nalisema hilo mapema kwa sababu watu nikiwasimulia habari zake humfikiria mzee mpole. Hakuwa mpole. Alichukia viatu vichafu, alichukia vijana waliomwambia "niaje" mtu wa umri wake, na kwa miezi mingi hakuniita kwa jina. Nilikuwa "wewe wa mikoba".

"Unafungua gari kama unafungua kabati," aliniambia siku ya pili.

"Nifungue aje?"

"Mkono wa kulia kwa kishikio. Wa kushoto unaweka hapa juu, kwa ukingo, mtu asigonge kichwa. Halafu unangoja. Usimvute mgeni na macho. Atashuka akitaka."

Siku nyingine akanifundisha kusahau.

"Mtu akikuja Jumanne na bibi yake, halafu Ijumaa akuje na mwingine, wewe hiyo Ijumaa ndiyo mara ya kwanza kumwona. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Na Jumanne ikirudi, unamuuliza habari ya watoto."

Kabla ya hapo nilifikiri kazi ya bawabu ni kufungua mlango. Nilipomtazama kwa wiki kadhaa niliona kwamba mlango ungeweza kufunguliwa na yeyote. Yeye alishughulika na zile hatua chache kati ya gari na mlango, ambapo mgeni bado hajajua kama amefika mahali pake au amekosea. Wakulima walikuja kutoka Sirisia na kwingineko kwa mikutano ya mbegu, wengine na gambuti zenye matope, wakisita kwenye ngazi. Pamoja na chuki yake yote ya viatu vichafu, Mzee aliwapigia saluti ile ile aliyompigia hakimu. Nilipomuuliza, alisema mtu akiogopa mlangoni ataongea vibaya huko ndani, na mkutano ukiharibika watasema hoteli ni mbaya.

Ilikuwa kama mwezi wa nne, mvua za masika zimeanza, nilipogundua jambo. Kulikuwa na mwalimu mkuu mstaafu aliyekuja kila siku saa nne asubuhi kunywa chai na kusoma gazeti la hoteli. Mzee alimfahamu kwa miaka mingi. Siku hiyo mwalimu alikuwa na mafua, sauti imemkauka, kwa hiyo akapunga mkono tu bila kusema neno.

"Karibu, mgeni," Mzee akasema. "Ni mara yako ya kwanza hapa kwetu?"

Mwalimu akacheka akidhani ni mzaha. Kicheko chake kilipotoka, nikamwona Mzee akishtuka. Uso ulimbadilika haraka, kisha akacheka naye, kwa sauti kubwa kuliko kawaida.

Kuanzia hapo nikawa namtazama. Kutoka kwenye nguzo hadi mlangoni alipiga hatua tisa, kila mara tisa. Kutoka mlangoni hadi ukingo wa barabara ya magari, ngazi tatu na hatua tano. Mtunza bustani aliposogeza chungu cha maua ili afagie, Mzee alikipiga teke kikaanguka, kisha akamgombeza yule maskini mpaka wapishi wakatoka nje kutazama. Magari aliyatambua kabla hayajakata kona. Nilikuwa nimedhani ni uzoefu. Sasa niliona kwamba hakuwa akiyatazama hata kidogo. Alikuwa amegeuza sikio.

Sisi wa mlangoni tulikula chakula cha mchana kwa zamu katika chumba kidogo nyuma ya jikoni. Siku moja meneja alikuwa safarini, tukala pamoja. Mimi ndiye niliyemwekea chai. Kwa kawaida nilimwekea upande wa kulia wa sahani. Siku hiyo nikaiweka kushoto, makusudi, nikanyamaza. Mkono wake ukaenda kulia, ukashika hewa, ukapapasa meza taratibu, ukarudi. Sijivunii jambo hilo.

"Umeona nini?" akauliza.

"Nimeona huoni, Mzee."

Akaendelea kutafuna ugali wake mpaka akaumeza.

"Naona," alisema. "Hii ya kushoto inaona mwangaza. Ya kulia inaona kidogo, kama mtu anachungulia kwa tundu la ufunguo."

"Umeenda hospitali?"

"Nimeenda. Ati ni presha ya macho. Ati ningekuja mapema."

"Na meneja anajua?"

"Meneja ataniambia niende nyumbani nipumzike. Wewe umewahi kufika kwetu?"

"Bado."

"Kwetu ukitoka kwa nyumba ni mteremko. Ukitoka jikoni ni mteremko. Ukifika barabara, bodaboda zinateremka zimezima injini, huzisikii. Hapa najua ngazi ni tatu. Kule nitakuwa mtu wa kukalishwa kwa kiti."

Nikamsogezea kikombe. Hakuniomba chochote, wala mimi sikumwahidi. Lakini kesho yake asubuhi, mgeni wa kwanza alipopanda ngazi, nilimsalimu kwa sauti kuliko ilivyonipasa: "Karibu, Daktari! Umeamkaje?" Na Mzee, kutoka kwenye nguzo yake, akafuata: "Daktari! Na mvua yote hii?"

Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi kwa muda wa karibu mwaka mmoja. Meza yangu ya kukagulia mikoba ilikuwa nje, mbele yake kidogo, kwa hiyo mimi niliwaona wageni kwanza. Niliita cheo cha mtu, au kazi yake, au alikotoka. Mgeni nisiyemjua nilimwambia "karibu sana", na hiyo "sana" ilimjulisha Mzee kwamba huyu ni mpya. Mtoto akiwepo nilisema "habari ya mtoto". Akiwa na mzigo nilisema "pole na mzigo", naye akanyoosha mikono. Wageni walidhani mwanamke mpya wa mlangoni ana bashasha nyingi. Meneja alinisifu kwa hilo mbele ya wenzangu.

Makosa yalikuwepo. Siku moja nilisema, "Karibu, Askofu," lakini aliyeshuka kwanza kwenye gari alikuwa dereva. Mzee akavua kofia, akamwinamia dereva na kumuuliza hali ya dayosisi. Dereva akatazama nyuma yake, hakuona mtu, akajibu kwamba dayosisi iko salama. Askofu mwenyewe alishuka kwa upande wake akapita zake ndani bila kusalimiwa na yeyote.

Sitaki ionekane kwamba niliyafanya hayo kwa huruma tupu. Nilikuwa na faida yangu. Bila Mzee ningebaki kuwa wa mikoba. Kwa kumsaidia nililazimika kujua kila mgeni, gari lake, mwendo wake, anapenda kuulizwa nini. Kufikia mwisho wa mwaka ule nilikuwa naifanya kazi ya mabawabu wawili, na nilijua hivyo, na nilipenda kujua hivyo. Yeye naye aliacha kuniita wa mikoba. Akaanza kuniita mama, kama wazee wa kwetu wanavyowaita wanawake wenye watoto, na mara nyingine alinigawia viazi alivyoletewa kutoka mlimani.

Kisha hoteli ikauzwa. Mwenye kuinunua hatukumwona, ila tulimwona meneja mpya aliyeletwa naye, mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, mpole kwa maneno na mwepesi kwa miguu. Aliondoa vitambaa vya meza, akabadilisha rangi ya kuta, kisha akasema ule mlango wa mbao ni mzito na unazuia mwanga. Msichana wa mapokezi ndiye aliyeleta habari jikoni.

"Tunaletewa mlango wa kujifungua," alisema.

Wapishi wakaangua kicheko. "Utajifungua nini? Mapacha?" mmoja akauliza, na kwa wiki nzima kila mtu akawa anauliza mlango ule una mimba ya miezi mingapi.

Meneja alituita sisi wawili ofisini kutueleza. Ulikuwa mlango wa kioo wa vipande viwili, vinavyoteleza kila kimoja upande wake mtu anapokaribia.

"Kazi yenu iko," alisema. "Mtakuwa mnakaribisha wageni tu. Kufungua, mlango utajifanyia."

"Na utajua ni nani anaingia?" Mzee akauliza.

"Hauna haja ya kujua, Mzee. Unafungukia kila mtu."

Mafundi walikuja wakafanya kazi siku tatu. Siku ya nne Mzee alifika kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, wakati hakuna wageni, akauzoea ule mlango. Nilimkuta akienda na kurudi, akienda na kurudi, mkono mmoja mbele. Kioo kilipofunguka kilitoa sauti kama mtu anayeshusha pumzi. Yeye alisubiri sauti hiyo, kisha akapita.

"Huu mlango ni mzuri," aliniambia, na alimaanisha. "Ule wa mbao ulikuwa kimya. Huu mtu akitoka ndani nasikia."

Kwa wiki mbili mambo yakawa rahisi kuliko mwanzo. Ninakumbuka nikifikiri kwamba tungeweza kuendelea hivyo miaka mingine kadhaa.

Siku ya ajali kulikuwa na mkutano wa wakulima wa mahindi ya mbegu, na ukumbi ulikuwa umejaa. Mzee alikuwa ameingia ndani na mzigo wa mgeni, ameufikisha mapokezi. Mimi nilikuwa nje nikibishana na mama mmoja wa makamo aliyekuja na kikapu cha mayai. Alikuwa amemletea ndugu yake aliyekuwa mkutanoni, na hakutaka nikiguse kikapu.

"Utavunja," alisema. "Haya ni ya kuku wa kienyeji."

"Mama, nataka tu kuona chini."

"Chini kuna mayai. Juu kuna mayai."

Hapo stima ikapotea. Haikuwa jambo geni. Jenereta lililokuwa upande wa maegesho likawashwa na kuanza kunguruma. Lilikuwa jenereta kuukuu, na lilipowaka ilikuwa vigumu hata kumsikia mtu anayezungumza karibu nawe. Wakati huo huo gari la mgeni mkubwa wa mkutano likaingia. Mzee akalisikia, au labda alikuwa akilingoja.

Nilimwona kupitia kioo. Alikuja kwa mwendo wake ule wa siku zote, mgongo wima, kofia sawasawa, hatua ndefu. Mlango haukuwa umerudiwa na stima bado, na kwa kelele ile hakuweza kusikia kama umefunguka au la. Nilikuwa na muda wa kupiga kelele. Nimelifikiria hilo mara nyingi, na ninaamini nilikuwa na muda. Lakini kwa wiki mbili nilikuwa nimeuona ukimfungukia, na macho yangu yalingoja ufunguke.

Kioo hakikuvunjika. Kilitetemeka chote kutoka juu hadi chini, na sauti yake ikashinda ya jenereta. Mzee alianguka kwa kukaa. Damu ya pua ilibaki kwenye kioo, mahali palipolingana na kimo chake, na ikaanza kuteremka. Yule mama wa mayai aliweka kikapu chini akakimbia kwenye mlango, akaupiga kwa viganja, kana kwamba ungefunguka kwa kupigwa. Kisha stima ya jenereta ikaufikia, nao ukashusha pumzi, ukafunguka.

Walimpeleka ofisini. Mpishi alileta barafu kwenye taulo. Pua ilikuwa imevimba lakini haikuvunjika, na mgeni mmoja muuguzi akasema atapona. Meneja aliwatoa watu wote isipokuwa mimi na Mzee, akafunga mlango. Akakaa kwenye kona ya meza yake, mikono ameiweka mapajani.

"Pole sana, Mzee."

"Nimeshapoa, madam. Ni stima."

"Ni stima, ndiyo. Lakini kioo kilikuwa mbele yako. Kuna hata zile alama nyekundu tulizobandika. Naonyesha vidole vingapi?"

"Madam, mimi si mtoto wa nasari."

"Niambie tu."

Mzee alishusha taulo. Aligeuza uso kuelekea sauti yake.

"Vitatu," alisema.

Meneja hakuwa ameinua mkono. Mikono yake ilikuwa bado mapajani, yote miwili. Akanitazama mimi. Hakuonekana kukasirika, alionekana kama mtu anayehesabu jambo lililopita.

"Wewe ulijua?"

"Sikujua, madam."

Nilisema mara moja. Hakukuwa na nafasi kati ya swali na jibu. Niliwaza watoto, niliwaza chumba nilichopanga, lakini hayo niliyawaza baadaye. Maneno yalitoka kwanza.

"Ni kweli hakujua," Mzee akasema. "Mimi ni mtu wa kuficha mambo yangu."

Walimuaga vizuri. Siwezi kusema walimtendea vibaya. Siku ya Ijumaa kulikuwa na chai na keki kwenye ukumbi mdogo, mwalimu mkuu mstaafu akatoa hotuba iliyowachekesha watu, na hoteli ikampa zawadi ya saa kubwa ya ukutani. Msichana wa mapokezi alipoifungua, watu walipiga makofi, kisha makofi yakapungua ghafla watu walipofikiria. Mzee aliipapasa kioo chake, akashukuru, akasema itamsaidia sana. Binti yake, mfanyabiashara wa nafaka huko Bungoma, alikuja kumchukua kwa gari la kukodi. Nilisogea nimfungulie mlango wa gari. Yeye alikuwa ameshakipata kishikio mwenyewe, akaingia na kuufunga. Hatukuagana.

Mimi nikapewa nafasi yake na koti jipya la kimo changu.

Ilichukua miezi miwili kabla sijaenda kumwona. Nilikuwa nafika Chwele kila mwisho wa mwezi, na Bungoma si mbali na hapo, kwa hiyo sikuwa na kisingizio cha umbali. Mwezi wa tatu nikapitiliza hadi Bungoma kwanza. Binti yake alikaa kwenye ploti ya nyumba za kupanga karibu na msikiti, vyumba kama kumi vinavyotazamana, uwanja katikati, bomba la maji upande mmoja na vyoo mwisho kabisa. Yeye mwenyewe alikuwa sokoni. Nilimkuta Mzee ameketi ndani na redio, amevaa shati lililopigwa pasi.

"Nani?"

Nikamwambia ni mimi.

"Wa mikoba," alisema. "Kaa."

Nilikaa. Tukaongea habari za mvua, na ya mwalimu mkuu, na ya mlango. Nikamwambia sasa umewekewa betri yake. Akatingisha kichwa. Kisha nikamwambia nilichokuja kumwambia, kwamba siku ile nilisema sikujua, na kwamba najua alisikia.

"Nilisikia," alisema. "Mimi hiyo haikunisumbua, kukana. Una watoto. Hata mimi ningekana." Alizima redio. "Lakini ulisema haraka sana, mama. Mimi ningevuta pumzi kwanza."

Kisha akasema anataka kwenda choo, akasimama, akanikataza nisimshike. Nje ya mlango wake kulikuwa na kamba ya nailoni iliyofungwa kwenye mwimo, ikapita uwanja mzima hadi kwenye mlango wa choo. Binti yake ndiye aliyeifunga. Mzee alifuata kamba hiyo kwa mkono wa kulia, akienda kwa mwendo wake ule ule, mgongo wima.

Katikati ya uwanja akaingia kwenye mashuka. Mtu alikuwa ameanika nguo juu ya kamba, mashuka mawili yaliyolowa, blanketi na suruali za watoto. Mzee akajipinda ndani yake, akavuta, kamba ikakatika upande mmoja, na nguo zote zikashuka matopeni pamoja naye.

Mwanamke kijana akatoka chumba cha nne akipiga kelele. "Wewe mzee! Nguo nimefua tangu asubuhi! Kwani huangarii?"

"Hii kamba ni yangu," Mzee akasema kutoka chini, kwa sauti ya ukali aliyomtolea mtunza bustani.

"Kamba ni ya kuanika nguo, bana! Umekaa hapa miezi miwili, mtu anakupungia mkono unapita tu, hata kusarimia hutaki. Ati kwa sababu ulifanya kazi hoteli kubwa? Sasa umeangusha nguo na hata pole huna!"

Watu wakaanza kutoka vyumbani. Nikaelewa kwamba hakuwa amemwambia yeyote. Binti yake pia alikuwa amekatazwa kusema. Kwa miezi miwili, kwenye uwanja mdogo kama ule, watu walikuwa wakimpungia mkono naye akiwapita kama nguzo, na wote walikuwa wameamua kwamba ana dharau. Alikuwa anainuka sasa, akipapasa kutafuta ncha ya kamba, na akijitahidi ionekane kwamba anakung'uta suruali.

"Huyu mzee haoni," nikasema.

Nilisema kwa sauti ya kazi, ile iliyofika kwenye nguzo. Watu wote wakanigeukia.

"Haoni kabisa. Ni mwaka wa pili sasa. Hiyo kamba ndiyo anafuata kwenda choo. Mkipita, msimpungie mkono. Semeni nyinyi ni nani."

"Nyamaza!" Mzee akaniambia. "Nani amekutuma?"

"Hakuna mtu."

"Basi nyamaza."

Yule mwanamke wa nguo alikuwa ameweka mkono mdomoni. "Jamani, mimi sikujua," alisema. "Si angesema tu?" Akaokota shuka moja, akaliacha tena, akaenda kumshika Mzee kiwiko, na Mzee akautoa mkono wake. Mzee mwingine mwenye kofia ya kufuma, aliyekuwa ametoka chumba cha mwisho akijiandaa kwenda kuswali, aliinua ncha ya kamba, akatazama ilipokatika, akaanza kuifunga upya kwenye mwimo.

Mzee wangu hakunisindikiza. Alirudi ndani kwa kupapasa ukuta, akawasha redio na kuipandisha sauti. Nilikaa kwenye ngazi kwa muda, kisha nikaenda Chwele kwa watoto.

Wiki iliyofuata, huko Kitale, niliingia ofisini kwa meneja nikamwambia kwamba nilijua tangu mwanzo, na kwamba nilimdanganya. Alikuwa anasoma kitu kwenye kompyuta. Alinitazama muda kidogo, akijaribu kukumbuka nazungumzia nini.

"Aa, ya Mzee," alisema. "Hiyo imepita, si ndiyo? Anaendeleaje?"

Nikamwambia anaendelea vizuri. Akasema nimsalimie, na kama ninatoka nimwambie msichana wa mapokezi alete faili la ukumbi. Nikamwambia msichana alete faili la ukumbi.

Nilifanya kazi pale mwaka mmoja zaidi. Kisha hoteli moja ya Bungoma ikatafuta mtu wa mlangoni, nikaomba, nikapata, na watoto wakahamia kwangu. Mwanzoni nilipokwenda kwa Mzee alinijibu kwa neno moja moja. Hakuwahi kuniambia kama nilifanya vizuri au vibaya siku ile ya nguo, na mimi sikuuliza.

Lakini uwanja ule umebadilika. Watu wa ploti wanapopita hujitaja: mama wa chumba cha nne, fundi baiskeli, mtoto wa nani. Yeye huwajibu kila mmoja kwa jambo lake. Amewakataza watoto kuacha ndoo njiani, na wanamwogopa. Mzee mwenye kofia ya kufuma huja kila asubuhi baada ya kutoka msikitini, anabeba kiti chake mwenyewe, na wawili hao husikiliza taarifa ya habari na kubishana. Wanabishana juu ya bei ya mbolea, juu ya mvua, juu ya nani aliyekuwa mkuu wa wilaya mwaka gani. Jumamosi iliyopita nilifika nikawasalimu, Mzee akainua kidole kimoja kunizuia.

"Ngoja, mama," alisema. "Huyu anasema uongo hapa, wacha nimalize naye kwanza."

Nikachukua kigoda nikaketi mlangoni, nikangoja.